Kati ya Mkataba na Ufunguo: Siku Kumi Ambazo Mnyororo wa Nyumba Uingereza Unazihitaji

Mnunuzi wa nyumba Uingereza au Wales anaweza kubishania bei wiki tatu, halafu wakili akimuuliza anataka kuhamia lini akajibu, "Siku yoyote, mradi iwe mapema." Jibu hilo lina gharama. Katika mnyororo, yaani pale ambapo anayekuuzia naye ananunua kwa mwingine, na huyo mwingine kwa mwingine tena, tarehe ndiyo inayoamua nani atalala hotelini, nani atalipa fidia, na nani atabebeshwa kosa asilolifanya. Muda ulio kati ya kubadilishana mikataba na kukamilisha ununuzi ndio kinga kubwa kuliko zote aliyonayo mtu wa katikati. Hata hivyo ndio wa kwanza kukatwa pakitokea mtu mmoja mwenye haraka.

Tuanze na maana ya siku hizo mbili. Siku ya kubadilishana mikataba, mawakili wa pande mbili huthibitishiana kwamba kila mmoja ameshika nakala iliyotiwa saini na mteja wake, arubuni hulipwa, tarehe ya kukamilisha huandikwa, na kuanzia hapo pande zote zimefungwa. Siku ya kukamilisha, fedha iliyobaki hulipwa na ufunguo hutolewa. Kabla ya siku ile ya kwanza hakuna aliyefungwa na lolote. Dalali anaweza kuwa amesimamisha bango la "imeuzwa", mnunuzi anaweza kuwa amemlipa mkaguzi wa jengo na wakili, lakini sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, wenye masharti yote, na wenye saini. Mpaka hapo muuzaji ana ruhusa ya kumpokea mwingine mwenye bei nono zaidi, na mnunuzi ana ruhusa ya kushusha bei asubuhi ile ile ya kubadilishana mikataba, akijua kwamba watu walio juu yake wamekwisha kufunga masanduku. Uskoti ina utaratibu wake wa barua za mawakili, na haya ninayoyasema hayaihusu.

Msomaji wa Nairobi aliyezoea mkataba wa mauzo wenye arubuni ya asilimia 10 na siku 90 za kukamilisha ataona sura anayoijua. Tofauti ni kwamba Nairobi muuzaji kwa kawaida haingojei pesa yako ya saa nne asubuhi ili anunue nyumba yake mwenyewe saa sita mchana. Uingereza hali hiyo ni ya kawaida kabisa.

Chukua mnyororo mfupi wa mauzo matatu. Chini kabisa kuna mke na mume wapangaji wanaonunua fleti ya pauni 220,000, nyumba yao ya kwanza. Familia inayowauzia fleti hiyo inanunua nyumba ya pauni 340,000. Mwenye nyumba hiyo naye anahamia nyumba ya pauni 480,000 iliyoachwa na marehemu na kuuzwa na warithi. Nyumba ya mwisho ni tupu, hakuna anayehama, na warithi wangependa walipwe hata kesho. Walio chini wana mkataba wa pango. Na chini ya Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, mpangaji anayehama hutakiwa kutoa notisi ya miezi miwili, isipokuwa mwenye nyumba akubali muda mfupi zaidi. Kwa hiyo wa juu anataka siku moja, wa chini angetaka siku 60, na walio katikati wana watoto shuleni na deni la benki la kulipa. Tarehe moja inapaswa kuwafaa wote.

Arubuni ya kawaida ni asilimia 10 ya bei. Wanunuzi wa fleti wanatoa pauni 22,000. Familia inatakiwa kutoa pauni 34,000 kwa nyumba yake, lakini fedha zake zote zimo ndani ya kuta za fleti. Hapa masharti sanifu ya mauzo, yaani yale ya pamoja yanayoingizwa katika mikataba mingi ya nyumba, yanasaidia: muuzaji anayenunua makazi yake mengine ndani ya Uingereza na Wales anaruhusiwa kuitumia arubuni aliyopokea kuwa arubuni ya ununuzi wake. Zile pauni 22,000 zinapanda ngazi, na kila aliye juu hukubali arubuni pungufu, hadi zinafika kwa wakili wa warithi anayezishika mpaka siku ya kukamilisha. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kimelipwa kidogo, basi kinachoweza kupotea nacho ni kidogo. Si kweli. Mnunuzi akishindwa kukamilisha na kupewa notisi rasmi, masharti sanifu yanamtaka alipe mara moja kilichopungua mpaka asilimia 10 itimie. Kwa familia yetu, hizo ni pauni 12,000 juu ya zile 22,000.

Kwa wanunuzi wetu wa Afrika Mashariki, arubuni ina mtego wa pili: chanzo cha fedha. Ikiwa sehemu yake imetoka kwa baba aliye Mombasa, kwa dada aliye Muscat, au kwenye mgao wa chama, wakili analazimika na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha kuuliza kila kiasi kimetoka wapi. Ataomba taarifa za benki za mtoaji, kitambulisho chake, na barua inayosema kwamba fedha hiyo ni zawadi, haitarudishwa, na haimpi mtoaji haki yoyote ndani ya nyumba. Benki inayokopesha nayo itataka kujua. Mchango wa watu kumi na wawili ni mafungu kumi na mawili ya karatasi. Kazi hii ifanyike wiki ile ofa ilipokubaliwa. Ikiachwa mpaka wiki ya kubadilishana mikataba, mnyororo mzima utasimama kusubiri taarifa ya benki ya shangazi. Tena benki nyingi zina kikomo cha kiasi cha kutuma kwa siku kwa simu, hivyo pauni 22,000 zitumwe kwa wakili siku tatu au nne kabla, na namba ya akaunti ihakikiwe kwa kumpigia wakili kwenye simu uliyoijua tangu mwanzo. Barua pepe inayosema "tumebadilisha akaunti" karibu na siku kama hizi ichukuliwe kuwa ya wezi.

Kubadilishana mikataba kwenyewe hufanyika kwa simu. Mahakama ya Rufani iliukubali utaratibu huo mwaka 1980, na Chama cha Wanasheria cha Uingereza na Wales kina fomula tatu zinazosema nani anaahidi nini. Fomula C ndiyo ya minyororo. Wakili wa wanunuzi wa fleti humpigia wakili wa familia na kumwachia mkataba, tuseme mpaka saa 11 jioni: ukinipigia kabla ya hapo, nimefungwa. Akiwa na ahadi hiyo mkononi, wakili wa familia naye humwachia mkataba wakili aliye juu yake. Ahadi zinapanda mpaka kwa wakili wa warithi. Kwa kuwa yeye hana ununuzi mwingine wa kusubiri, hubadilishana mikataba papo hapo na aliye chini yake, kisha simu zinateremka kufunga kila hatua. Saa 11 ikipita bila simu, ahadi zote zimekufa na kesho kazi inaanza upya. Katika saa hizo mteja haruhusiwi kubadili mawazo, maana fomula hii inahitaji ruhusa yake ya wazi isiyoweza kutenguliwa. Mteja asiyeshika simu siku hiyo, au ambaye hakutia saini kwa sababu hakukumbuka kuchapisha ukurasa wa mwisho, anaweza kuwaangusha watu wote.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe. Masharti sanifu yanasema kwamba ikiwa hakuna tarehe iliyoandikwa, ukamilishaji ni siku 20 za kazi baada ya mkataba. Watu huandika tarehe yao, na shinikizo huwa ni kuifupisha: siku 5, siku 2, hata siku ile ile. Msimamo wangu ni siku 10 za kazi kwa mnyororo wenye mikopo. Siku 5 ndiyo sakafu, na zaidi ya 20 iwe kwa sababu inayoweza kutajwa, kama notisi ya pango au mwisho wa muhula wa shule.

Kwa nini kumi? Kwa sababu kuna kazi ambazo kwa kawaida hufanyika ndani ya siku hizo. Wakili hutuma uthibitisho wa hati kwa benki ili mkopo utolewe, na kwa kawaida benki hutaka siku 5 za kazi. Hufanya upekuzi wa mwisho kwenye Ofisi ya Usajili wa Ardhi, unaompa mnunuzi kipaumbele cha siku 30 za kazi ili asitokee mtu mwingine kusajili dai mbele yake, na upekuzi wa kuhakikisha mkopaji hajafilisika. Wakili wa muuzaji huomba taarifa ya deni lililobaki kwenye nyumba, yenye hesabu ya riba mpaka siku yenyewe. Kama ni fleti, kampuni inayosimamia jengo inapaswa kueleza ada zilizobaki, na kampuni hizo hazina haraka na mtu. Gari la kuhamisha vitu linatafutwa. Umeme, gesi na anwani vinabadilishwa. Kazi hizi zote zinaweza kubanwa ndani ya siku tatu, lakini moja ikiteleza hakuna nafasi ya kuirekebisha.

Muda mrefu nao una hatari yake, na wanaotaka miezi miwili waisikie. Ukishabadilisha mikataba umefungwa, lakini benki bado inaweza kuondoa mkopo ukipoteza kazi. Masharti sanifu ya sasa humbebesha mnunuzi hatari ya jengo tangu siku ya mkataba: moto ukiwaka wiki ya pili, ni lazima ununue majivu. Hivyo bima ya jengo ianze siku ile ile ya kubadilishana mikataba, isipokuwa kwa fleti ambayo jengo lake tayari lina bima ya mwenye ardhi, na hiyo nayo wakili aione kwa macho. Ofa nyingi za mkopo hudumu miezi sita tu tangu zilipotolewa, na mnyororo uliokwisha kuchukua miezi mitano hauna wiki sita za kuchezea.

Kubadilishana mikataba na kukamilisha siku moja ndiko ninakokupinga waziwazi. Kwa nyumba tupu inayonunuliwa kwa fedha taslimu, sawa. Kwa mnyororo ni kamari. Mpaka dakika ile simu ya Fomula C inapopigwa, yeyote anaweza kujitoa bila kulipa senti. Wakati huo gari la mizigo liko mlangoni, notisi ya pango imekwisha kutolewa, na benki imekwisha kutuma mkopo na kuanza kuhesabu riba. Mtu mmoja akishusha bei pauni 5,000 asubuhi hiyo, utakubali, kwa sababu huna pa kurudi. Dalali husifia njia hii kwa kuwa inaokoa muda, ila ada yake hailali njiani pamoja na vitanda vyako.

Wapangaji nao wasitoe notisi kabla mikataba haijabadilishwa. Najua maana yake: wiki kadhaa za kulipa pango na mkopo kwa pamoja, kama mwenye nyumba hatalegeza. Ni fedha inayouma. Lakini ni kiasi kinachojulikana, na kinaweza kupangwa tangu mwanzo kama sehemu ya gharama ya kununua.

Siku ya kukamilisha, fedha hupanda kutoka chini kama ahadi zilivyopanda. Wakili wa wanunuzi wa fleti hutuma kwa CHAPS, mfumo wa benki za Uingereza wa kutuma malipo makubwa yafike siku ile ile. Fedha ikifika kwa wakili wa familia, mhasibu huitambua, deni la zamani huwekwa kando, mkopo mpya wa familia huongezwa, na jumla hutumwa kwa aliye juu. Kila kituo kinaweza kula saa moja au mbili. Kwa vituo vitatu, iliyotoka saa 3 asubuhi inaweza kumfikia wa juu saa 8 mchana, na hapo ndipo mstari ulipo: chini ya masharti sanifu, fedha inayofika baada ya saa 8 mchana huhesabiwa, kwa ajili ya fidia, kana kwamba imefika siku ya kazi inayofuata. CHAPS yenyewe hufunga malipo ya wateja saa 11 na dakika 40 jioni, na benki nyingi hufunga mapema zaidi. Oktoba 20, 2014 mfumo huo ulisimama kwa saa nyingi, na baadhi ya watu waliokuwa wakikamilisha siku hiyo wakakwama. Ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo Jumanne ilikuwapo. Ingekuwa Ijumaa, wangengoja siku tatu.

Ndiyo maana Ijumaa ni siku mbaya, ingawa ndiyo inayopendwa. Watu huitaka ili wapange vitu mwishoni mwa wiki. Wanachosahau ni kwamba malipo makubwa hayapiti Jumamosi na Jumapili, ofisi za mawakili zimefungwa, na magari ya kuhamisha yanagombaniwa. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Omba pia benki yako itume mkopo kwa wakili siku moja kabla. Utalipa riba ya siku moja ya ziada, na fedha itakuwa tayari kuondoka asubuhi. Kwa aliye chini kabisa hili si hiari, maana yeye ndiye anayewasha injini ya wote.

Fidia yenyewe ina jambo ambalo watu wa katikati huligundua wakiwa wamechelewa. Kiwango cha kawaida cha mikataba hii ni asilimia 4 juu ya riba ya msingi ya benki. Tuchukue riba ya msingi kuwa asilimia 4 ili hesabu iwe nyepesi, jumla iwe asilimia 8 kwa mwaka, na huhesabiwa juu ya bei ukitoa arubuni iliyolipwa. Wanunuzi wa fleti wakichelewa, wanadaiwa na familia riba juu ya pauni 198,000, takriban pauni 43 kwa siku. Familia, kwa kuchelewa huko huko, inadaiwa na aliye juu yake riba juu ya pauni 318,000, karibu pauni 70 kwa siku. Naye anadaiwa na warithi juu ya pauni 458,000, yaani pauni 100 kwa siku. Kosa limetokea chini kabisa, lakini kila ngazi inalipa kubwa kuliko inayopokea, na tofauti hiyo inabidi idaiwe kama hasara, pamoja na hoteli, bohari na gari la pili.

Kuchelewa kunaweza kushuka kutoka juu pia. Kesi ya Raineri dhidi ya Miles ndiyo inayopaswa kusomwa na kila mtu wa katikati. Tarehe ya kukamilisha ilikuwa Julai 12, 1977. Muuzaji alishindwa kutoka kwa sababu nyumba aliyokuwa akiinunua yeye mwenyewe haikuwa imeachwa wazi. Wanunuzi wake wakalazimika kutafuta pa kukaa. Mwaka 1980 Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilihukumu kwamba kuchelewa huko ni kuvunja mkataba na fidia ni halali, hata kama tarehe haikufanywa kuwa sharti la lazima na hata kama mauzo yalikamilika baadaye. Muuzaji naye alikuwa na haki ya kumgeukia aliyemchelewesha. Kwa maneno mengine, "si kosa langu, ni la aliye juu yangu" haimzuii mtu kukudai. Inakupa tu mtu wa kumdai wewe.

Na siku hiyo ikipita bila fedha, mauzo hayafi jioni hiyo. Upande ulio tayari hutoa notisi ya kukamilisha, na masharti sanifu yanampa mwenzake siku 10 za kazi. Zikiisha ndipo mkataba unaweza kuvunjwa na arubuni kuchukuliwa. Mnunuzi aliyeachwa na benki dakika za mwisho ana wiki mbili hizo za kutafuta njia, na azitumie kila saa badala ya kukata tamaa siku ya kwanza.

Kodi nayo hufuata siku ya kukamilisha. Viwango vya ushuru wa stempu vilibadilika Uingereza Aprili 1, 2025, na kwa kawaida kilichoangaliwa ni siku ufunguo ulipotolewa. Nyumba ya pauni 340,000 iliyokamilishwa Machi 31 na mtu asiye mnunuzi wa mara ya kwanza ililipiwa pauni 4,500. Ikikamilishwa siku iliyofuata, pauni 7,000. Anayetaka kuuvunja mnyororo kwa kununua kabla ya kuuza nyumba yake ya zamani ajue kwamba anaongezewa asilimia 5 ya bei yote, yaani pauni 17,000 kwa nyumba hiyo hiyo, zinazorudishwa tu akiuza ile ya zamani ndani ya miaka mitatu. Kwa wengi ni nafuu kuuza kwanza na kukaa kwa ndugu miezi miwili.

Familia yetu ya katikati, basi, ingemwandikia wakili wake mapema hivi: siku 10 za kazi kati ya mkataba na ufunguo, Jumatano, fedha kutoka chini iwe imetumwa kabla ya saa 3:30 asubuhi, saa ya kukamilisha iandikwe saa 6 mchana kwa fleti, saa 7 kwa nyumba inayofuata na saa 8 kwa ya warithi, ili mstari wa fidia upande pamoja na fedha. Barua hiyo iende wiki ya majibu ya maswali ya awali, yale ambayo mawakili huulizana kuhusu nyumba kabla ya mkataba, wakati bado hakuna aliyekodi gari. Warithi watanung'unika. Lakini nyumba yao ni tupu, na kati ya wote ndio wanaoweza kusubiri wiki moja zaidi bila kulala nje.